Siku ya buletini kule Idjwi

Juma hili tunawaletea habari ya safari yetu ya Idjwi, kwenye shule moja ya msingi iliyojengwa na wazazi wenyewe. Wamama wa kikundi cha akiba cha kule walitualika kuona proklamasyo, ndiyo siku ya mwisho ya mwaka wa masomo. Tulienda watu sita: walimu wawili na wamama wanne wa kikundi chetu. Tulijua tutaona furaha, na kweli tuliiona. Lakini tulikuta na neno lingine linalotuhusu sisi tunaokaa Bukavu, kwa hiyo tunawaomba msome mpaka mwisho.

Idjwi ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa Kivu. Ni teritwari nzima ya Kivu ya Kusini, yenye sheferi mbili: Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini. Sisi tulielekea kusini. Boti ya motere iliondoka asubuhi mapema, imejaa chumvi, sabuni, sukari na mabale ya nguo. Boti hizo ndizo zinazotuletea mananasi, ndizi, maharagi na kahawa, na sisi tunavikuta sokoni Kadutu bila kuuliza vimetoka wapi. Ilikuwa kiangazi, ziwa limetulia. Tulipishana na wavuvi wa sambaza wanaorudi nyumbani, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zimezimwa, watu wanaimba ili usingizi usiwashinde.

Kutoka ziwani tulipanda mlima kwa miguu, katikati ya migomba na miti ya kahawa. Wale wamama walikuwa wametutangulia mbele, mizigo yetu kichwani mwao, na wakikataa kabisa tuwasaidie. «Ninyi ni wageni,» walisema, «mtabeba siku ya pili.»

Shule yenyewe ina vyumba sita. Vitatu ni vya matofali na manjanja, vitatu bado ni vya mbao. Chini ni udongo. Wazazi waliianzisha kwa sababu shule nyingine ilikuwa mbali, na watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanachoka njiani wakati wa mvua. Matofali waliyasomba wamama. Mawe ya msingi waliyatoa wababa. Walimu wengine wamekwisha kuingia kwenye liste ya mshahara wa serikali, wengine wanangoja bado, na hao wanaongoja wanaishi kwa kile wazazi wanachowapa.

Watoto walifika wamevaa shati nyeupe na sketi au suruali ya buluu, zilizofuliwa ziwani jana yake na kupigwa pasi ya makaa. Mabenchi yaliazimwa kanisani. Ngoma ililia, watoto wakaimba, kisha darasa la tano wakaonyesha mchezo wa baba mmoja aliyekunywa kasiksi kwa franga za kaye. Wamama walicheka mpaka wakashika mbavu. Wababa wengi walitazama ziwa.

Kisha direkta akasimama na karatasi zake. Hapo hata watoto wachanga walinyamaza. Alianza na darasa la kwanza, akipanda mpaka la sita, akitaja jina, asilimia na nafasi. Kila aliyeitwa alikimbia mbele, na mama yake alitoka nyuma yake akimmwagia podra nyeupe kichwani. Wale walioshindwa hakuwataja. Alisema tu: «Wengine tutaonana ofisini pamoja na wazazi.» Tulipenda heshima hiyo. Mtoto wa miaka saba hapaswi kuaibishwa mbele ya kijiji kizima.

Kuna jambo lingine tulilipenda. Katika shule nyingine tunazozijua, mzazi mwenye deni hapewi buletini. Inabaki kwenye kabati la ofisi, na mtoto anakaa nyumbani bila kujua kama amepita. Hapa wamama walikataa desturi hiyo. Deni linaandikwa kwenye buku, na mzazi analilipa kwa namna anayoweza: mkungu wa ndizi kwa mwalimu, kilo za maharagi, au siku mbili za kusomba mchanga wa kujengea. Mama mmoja Mumbuti, ambaye hana shamba, alilipa kwa vyungu anavyovifinyanga mwenyewe. Mwalimu alivichukua na kumshukuru mbele ya watu. Watoto wake wawili walipata buletini zao kama wengine.

Baada ya proklamasyo tulikaa na wamama chini ya mti, tukawasaidia kusoma karatasi zile. Buletini imeandikwa kwa Kifaransa, na wamama wengi wanamwomba mtoto mwenyewe awasomee. Kijana mmoja mwenye asilimia 43 alimsomea mama yake «sitini na tatu». Tukimcheka, mama naye akacheka, kisha akamvuta sikio. Ndiyo maana tunawapa na ninyi njia fupi. Kwanza tafuta mahali palipoandikwa «Pourcentage»: kuanzia 50 mtoto yuko upande mzuri. Angalia kila trimestri kati ya zile tatu, uone kama anapanda au anashuka. Mtoto anayeshuka tangu trimestri ya pili ana jambo, labda macho, labda njaa, labda kazi nyingi za nyumbani. Halafu tazama «Application» na «Conduite», ni bidii yake na mwenendo wake. Mwisho, chini kabisa, kuna uamuzi: «passe», amepita, «double», atarudilia darasa. Kisha weka sahihi yako, hata ikiwa ni alama ya kidole. Sahihi hiyo inamwambia mwalimu kwamba mtoto huyu ana mtu nyuma yake.

Sasa tufike kwenye neno lenyewe.

Tulipotazama mistari ya watoto, tuliona kwamba darasa la kwanza wasichana na wavulana ni karibu sawasawa. Darasa la sita wasichana walikuwa wachache waziwazi. Na kati ya hao wachache waliomaliza, wamama walituambia, hakuna anayejua ni wangapi wataonekana darasa la saba mwezi wa tisa.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, na ni bila malipo katika shule za serikali. Tangu mwezi wa tisa wa 2019 serikali ilianza kutimiza neno hilo, na watoto wengi waliingia darasani. Lakini mlango huo unafika darasa la sita. Mzazi akigonga kwenye darasa la saba anaulizwa franga, pamoja na sare mpya na kaye nyingi zaidi. Kwa watoto wa kijiji hiki kuna na njia ndefu, kwa sababu shule ya sekondari iko mlima mwingine, na vijana wanaondoka nyumbani kabla jua halijatoka.

Na tazameni wakati wenyewe. Kule Idjwi mavuno makubwa ya kahawa yanakwisha karibu na mwezi wa sita. Franga zinaingia, zinalipa madeni ya mwaka, zinakwisha. Mwezi wa saba na wa nane ni kiangazi, shamba halitoi kitu. Mwezi wa tisa mvua inarudi: sharti kununua mbegu, na siku hizo hizo shule inafungua. Basi mama ana mikono miwili na mambo matatu. Msichana wa miaka 12 au 13 ndiye anayeangushwa, si kwa sababu hapendwi, bali kwa sababu yeye tayari anajua kupika, kulea na kuchota maji, na kuna mtu anayemhitaji kwa kazi hiyo.

Mtu huyo ni nani? Tulijifunza kwa koko mmoja. Mjukuu wake alikuwa wa pili katika darasa la sita, kichwa chake cheupe kwa podra. Watu walimpigia vigelegele, lakini koko alikaa kimya. Mume wake alikufa maji miaka mingi iliyopita, wakati wanaume wengi wa kisiwa hiki walipokuwa wakivusha kahawa usiku kwa mitumbwi kwenda kuiuza Rwanda. Wajane wa kahawa ni wengi kule. Yeye alilea watoto wake peke yake, na sasa analea mjukuu.

Tulimwuliza: «Koko, hufurahi?»

Akajibu: «Ninafurahi, wanangu. Lakini kuna mama ametuma franga ya boti. Mtoto ataenda kesho kumlelea mtoto wake.»

«Mama gani huyo?»

«Wa kwenu, Bukavu. Si mtu mbaya. Ni mama kama ninyi.»

Tulikosa la kusema. Kila mmoja wetu anamjua mama anayesema, mwezi wa saba ukifika: «Nitafutieni katoto ka kunisaidia nyumbani.» Tunasema hivyo sokoni, kanisani, hata kwenye mikutano ya kikundi. Tunajua kwamba watoto wa kule ni wapole na hawaombi mshahara mkubwa. Hatuulizi kama alikuwa wa pili darasani.

Mchana ule wamama wa kisiwa walifanya mkutano, na sisi tulikaa pembeni kusikiliza. Hawakulaumu mtu. Mwandishi wao alileta liste ya wasichana wote waliomaliza darasa la sita, wakalitaja kila jina na kuuliza: huyu kiangazi atakuwa wapi, na nani atamwona kila juma? Wawili wana shangazi karibu na shule ya sekondari, watalala kule. Mmoja alikuwa anaposwa. Hapo mama mmoja mwenye umri alisimama na kukumbusha kwamba sheria ya 2009 ya ulinzi wa mtoto inamhesabu kuwa mtoto kila asiyefikisha miaka 18, na inakataza uchumba na ndoa ya mtoto. Alisema atakwenda mwenyewe kwa baba wa binti huyo, pamoja na chefu wa kijiji. Hakuna aliyembishia.

Kisha wakafungua kisanduku. Kina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu tofauti, ili mmoja asikifungue peke yake. Zamani walikuwa wanagawana akiba karibu na Noeli. Sasa wamehamisha siku ya kugawana: ni mwisho wa mwezi wa nane, juma moja kabla ya shule kufunguliwa. Mama anayeweka franga 500 kila juma anakuta 26 000 mwisho wa mwaka. Si nyingi, haitoshi kwa yote, lakini zinakuja siku zinapohitajiwa. Kutoka sehemu ya msaada wa jirani walitoa ile franga ya boti, wakamkabidhi koko airudishe kwa mama wa Bukavu na salamu njema. Koko alizihesabu mara mbili. Hakusema kwamba mjukuu atasoma. Alisema: «Basi kesho hataenda. Tutaona mwezi wa tisa.»

Tuliporudi siku iliyofuata, yule binti hakuwa ndani ya boti. Lakini walikuwamo wengine watatu, kutoka vijiji vingine, kila mmoja na mfuko mdogo magotini. Mmoja bado alikuwa na podra kidogo nyuma ya sikio. Tulimwuliza anakwenda wapi. Alitaja mtaa mmoja wa Bukavu, akaongeza kwamba hajawahi kuuona mji.

Wamama wapenzi, hatuwaandikii ili kumhukumu mtu. Tunajua kazi za nyumbani ni nzito, na mama anayeuza sokoni kuanzia asubuhi mpaka jioni anahitaji msaada. Tena kuna watoto ambao maisha yao mjini ni mema kuliko kule walikotoka. Lakini kikundi chetu kina wamama wengi, na tukikubaliana jambo, linafanyika. Ndiyo sababu tunapendekeza hivi.

Ukihitaji msaidizi, tafuta mtu mzima. Ukiletewa mtoto, uliza kwanza umri wake na buletini yake. Ikiwa amepita darasa, mrudishe kwao au mwandikishe shule mwezi wa tisa, kama unavyowaandikisha watoto wako. Ikiwa yuko kwako tayari na hakumaliza shule ya msingi, kuna vituo vya kurekebisha masomo, ambako mtoto mkubwa anamaliza madarasa sita kwa miaka mitatu. Uliza kwa walimu wa mtaa wako wakuonyeshe. Na masomo yake yawe saa zake kweli, asiitwe kuosha vyombo katikati ya kaye.

Kwenye mkutano wa juma hili tuulizane maneno matatu. Moja: ni wasichana wangapi wa mitaa yetu waliomaliza darasa la sita, na majina yao ni nani? Pili: je, tunaweza na sisi kuhamisha siku ya kugawana akiba iwe mwisho wa mwezi wa nane? Tatu: kati yetu, nani ana mtoto wa watu nyumbani anayepaswa kuwa darasani? La tatu ni gumu. Tusiliache kwa sababu hiyo. Mwandishi wa kikundi alete buku na kalamu, na majina yaandikwe kabla hatujaachana, kwa maana kiangazi ni majuma tisa tu.