Mtaa Mmoja Pembeni ya Bahari

Ndugu msomaji, shika njia pamoja nami. Tunatoka Butembo, tunapita Beni mpaka Kasindi, tunavuka Uganda na Kenya, na tunafika Mombasa kwenye bahari. Ndiyo njia ambayo mizigo mingi ya maduka yetu inapitia. Kusini ya Mombasa kuna kisiwa cha Unguja, na pale katika mji wa Zanzibar, karibu na bandari, kuna mtaa unaitwa Malindi.

Katika mwaka wa 1942 mtaa huo ulizaa ekipe ya mpira, ukaipa jina lake. Kisiwa ni kidogo. Lakini mwaka wa 1989, na tena 1992, Malindi ilikamata ubingwa wa Tanzania nzima, mbele ya ekipe kubwa za Dar es Salaam. Mwaka wa 1995 ilifika nusu-fainali ya Kombe la CAF. Kombe lilienda Tunisia, lakini Afrika ilikwisha kusikia jina la mtaa ule.

Wewe kijana, unajua ginsi vita, tangu 2014, vimekimbiza watu wengi katika vijiji vya Beni. Watu wakikimbia, ekipe yao inasambaa, na jina linapotea. Basi uliza wazee: ekipe yetu ilianza mwaka gani? Nani walicheza kwanza? Andika katika daftari. Habari za Malindi tunazijua leo kwa sababu kuna aliyeandika. Na mkianza ekipe mpya pale mlipokimbilia, msione haya kuipa jina la kijiji mlichoacha.