Wanaonunua USDT Usiku wa Mechi

Nauza na kununua USDT, ile sarafu ya kidijiti inayotembea na thamani ya dola. Niko Kariakoo, na ofisi yangu ni simu mbili na daftari. Wateja wa mchana ni watu wa mizigo ya China. Wa usiku, hasa wikiendi, ni watu wa kubeti. Kuna wa mikeka, kuna wa mchezo wa ndege, kuna wa sloti, na wote wanataka kuweka pesa kwenye kasino za nje.

Swali lao la kwanza huwa, "Kaka, hii ni halali?" Hapo wanawaza polisi. Mimi sijashuhudia mteja wangu akikamatwa kwa kubeti. Ninaowaona ni watu waliodhulumiwa wasijue pa kushtaki.

Sheria iko hivi. Kampuni ya michezo ya kubahatisha ikitaka kufanya kazi Tanzania, lazima iwe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, chini ya sheria ya mwaka 2003. Hizi kasino wanazoniletea hazina. Ukishuka chini kabisa ya ukurasa utakuta zimeandika leseni ya Curaçao, kisiwa cha huko Karibi. Kuhusu sarafu yenyewe, Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba fedha halali hapa ni shilingi, na kwamba biashara ya sarafu hizi inakwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Halafu Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijiti. Yaani mtu wa kodi ananiona, mtu wa benki hataki kuniona. Nimeshazoea.

Kijana mmoja wa Mbagala, fundi friji, alishinda kweli. Alinionyesha skrini: zaidi ya dola elfu moja. Akabonyeza kutoa, akaambiwa bonasi aliyopokea lazima kwanza aizungushe mara 40. Akazungusha, zikabaki kama mia tatu. Akabonyeza tena, wakadai kitambulisho cha NIDA na picha ya uso. Akatuma. Jibu likaja kwamba nchi yake haimo kati ya wanazohudumia, akaunti imefungwa. Miezi yote alipokuwa anaweka pesa, nchi yake haikuwa na tatizo.

Angekuwa amebeti kwa kampuni yenye leseni ya hapa, Bodi ingekuwa na mtu wa kumbana. Yeye alibaki na dirisha la mazungumzo linalojibiwa na roboti. (Wanaoingia kwa VPN kuficha nchi yao ndio kabisa, maana hata hicho kitambulisho hawathubutu kukituma.)

Mwingine anakosea mtandao. Anwani za Ethereum na za BNB zinafanana, zote zinaanza na 0x. Kasino imesema tuma kwa Ethereum, yeye anachagua BNB kwa sababu makato ni madogo. Pesa inafika kwenye anwani, kwenye akaunti yake haionekani. Ananipigia saa nane usiku nimrudishie. Nirudishe nini? Muamala ukishathibitishwa huko, hakuna huduma kwa wateja ya kuuzuia.

Ila kinachonichosha zaidi ni majina. Tapeli anaagiza USDT kwangu, kisha anamwambia mama fulani wa Dodoma kwamba anauza friji, anampa namba yangu ndiyo alipie. Mimi naona shilingi zimeingia, naachia USDT, dakika chache baadaye ziko kasino. Mama akifika polisi, namba aliyonayo ni yangu. Laini inafungwa, na mtaji wangu umo humo humo. Ndiyo maana jina la mtumaji lisipofanana na la mnunuzi, oda naikataa. Hapo ndipo naitwa mnoko.

Jumamosi moja mteja alinilipa kwa laini ya mama yake. Nikamrudishia, nikamwambia atume kwa yake. Akasema yake inadaiwa mkopo, pesa ikiingia inakatwa palepale. "Bro, we nitumie tu, mechi imeshaanza."

Ada ya kumrudishia nililipa mimi.