Sahani mbili za shaba na watoto waliotoka Djugu

Wasikilizaji wangu, mumenizoea kwa habari za barabara, soko na usalama. Leo ninawaletea habari ya chombo cha muziki. Wengi wanaoniona Jumapili nimekaa nyuma ya batri ya kwaya yetu hapa Bunia huniuliza zile sahani mbili zilizofunikana, upande wa mkono wa kushoto, zina kazi gani. Sisi wapigaji tunaziita sharlestoni, jina tulilolitoa katika Kifaransa. Wasomaji wa Biblia wanajua sahani za namna hiyo kwa jina la matoazi. Ninaandika juu yake kwa sababu bila hiyo, batri yetu ingekuwa imefungiwa stoo mpaka leo.

Mnajua kwamba tangu mwisho wa mwaka 2017 familia nyingi za Djugu zimekimbilia hapa mjini. Wengine wako kwenye kambi, wengine kwa ndugu, na wengine walipokelewa katika jumba la kanisa ambamo kwaya hufanyia mazoezi. Jioni ya kwanza ya mazoezi baada ya wao kufika, kijana wetu alipiga ngoma ndogo, ile yenye nyuzi za chuma chini, mara mbili tu. Watoto wakaingia chini ya viti. Mmoja alikimbia mpaka kwenye lango.

Kesho yake mama mmoja alimfuata kiongozi wa kwaya, akamwambia kwa heshima: “Baba, kuimba tunapenda. Lakini ile ngoma inalia sawa kule tulitoka. Watoto hawalali.” Kiongozi akamjibu: “Mama, tumekusikia, utusamehe.” Wazee wakashauriana kuifungia batri stoo. Upande mwingine, vijana wetu walinung’unika, maana batri ndiyo inayowaleta kanisani badala ya kushinda barabarani. Kila upande ulikuwa na haki yake.

Aliyetufungulia njia ni kijana kutoka kwa hao hao waliokimbia. Kule kwao alikuwa mpigaji wa parokia. Aliomba aonyeshe kitu. Akatandika blanketi juu ya ngoma ndogo, akaiacha ngoma kubwa, akaanza kupiga sharlestoni peke yake, ikiwa imefungwa, kwa ncha ya bageti: tsi, tsi, tsi, tsi. Sauti ilikuwa ndogo kama mtu anayepepeta mchele. Watoto walitoka nje kuangalia ni nini.

Tangu siku hiyo tulikubaliana mambo matatu. Mazoezi ni mchana, watu wakiwa macho. Kila jioni batri yote inabomolewa ili watu wapate nafasi ya kutandika mikeka. Na mwanzo wa kila zoezi ni sharlestoni tu. Kwa kuwa tunaijenga upya kila mara, ninyi wenye batri katika kanisa au shule zenu mtafaidika kujua namna tunavyofanya.

Kwanza, fungua vizuri ile miguu mitatu ya chuma mpaka isitikisike, pedali ikiwa chini ya mguu wa kushoto. Sahani ya chini huwa ndiyo nzito kuliko mwenzake. Iweke juu ya kiti chake, tumbo likiangalia juu kama bakuli. Chini ya kiti hicho kuna skrubu ndogo. Izungushe ili sahani iinamie upande kidogo sana. Watu wengi hawaijui kazi yake. Sahani zikilala sawasawa kabisa, hewa hunaswa katikati, na ukikanyaga unasikia kishindo kilichozibwa badala ya “chik” safi.

Sahani ya juu hushikwa na kibano kinachopita katika tundu lake, pamoja na vitambaa vizito vya mviringo, kimoja juu na kimoja chini. Kaza nati ya chini isilegee, lakini sahani yenyewe uiachie icheze kidogo, maana sahani iliyobanwa sana hailii, na mwishowe hupasuka. Kisha ipitishe kwenye ule mti wa chuma, acha nafasi ya vidole viwili kati ya sahani na sahani, halafu kaza skrubu ya kibano. Urefu wake uwe juu ya ngoma ndogo kiasi kwamba mkono wa kuume, ukipita juu ya wa kushoto, haugongani nao. Sahani za kawaida zina upana wa karibu sentimita 35.

Vitambaa vyetu vilikuwa vimeisha zamani. Tulikata vipande vya sandali kuukuu, tukatoboa katikati. Nati ilipolegea, tulifunga nyingine juu yake zikabanana.

Katika kupiga, siri iko mguuni. Ukikanyaga na kushikilia, sauti ni fupi na kavu. Ukilegeza kidogo, sahani zinasuguana na sauti inajaa, ile inayosikika kwaya inapopanda. Ukiinua mguu na kupiga, halafu ukakanyaga haraka, unapata “tsss” inayokatika ghafla. Na unaweza kuacha bageti kabisa, ukakanyaga tu kwenye pigo la pili na la nne. Kwaya nzima itakufuata. Kwa mazoezi ya kimya, weka kitambaa chembamba katikati ya sahani.

Sisi Wakongomani tuna deni kwa wapiga batri wetu. Mdundo wa kavacha, unaoendesha seben mpaka leo, ulijulikana kupitia orkestra Zaïko Langa Langa, iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1969, na mpigaji wake Meridjo Belobi anatajwa sana katika habari hiyo. Kavacha hupigwa kwenye ngoma ndogo, lakini pia kwenye sharlestoni iliyofungwa, na hapo hata mtoto mdogo anaweza kuisikiliza bila kushtuka.

Jambo moja huwa linanifikirisha ninapozipangusa. Sahani nzuri hufanywa kwa shaba na bati, kwa kawaida sehemu 80 za shaba na 20 za bati. Shaba inachimbwa Katanga. Mawe ya kasiterite yanayotoa bati yanachimbwa Walikale na kwingineko Mashariki. Nchi yetu ina vyote viwili, na kwaya yetu imechanga tangu Pasaka bila kufikisha bei ya jozi moja mpya. Ya kwetu ina ufa wa kidole kimoja ukingoni. Tunaizungusha ili bageti isipige hapo.

Kwa sasa ngoma ndogo imerudi, lakini kwa hatua. Kabla ya kuipiga, kijana wa Djugu huwaambia watoto: “Sasa inakuja,” kisha anampa mmoja wao bageti aipige yeye kwanza. Nimeona kwamba anayepiga mwenyewe haogopi. Yule mama aliyelalamika hukaa kwenye benchi la mbele na kuhesabu mapigo kwa mguu. Wapo bado watoto wawili wanaotoka nje ngoma ikianza. Hakuna anayewalazimisha kubaki. Wakirudi, tunaanza tena na sharlestoni.

Ombi langu kwa viongozi wa kwaya wanaoishi karibu na waliokimbia: kabla ya kupiga, nendeni muwaulize ni saa ngapi inafaa, na ni sauti gani inawaumiza. Na ukiwa na sahani kuukuu nyumbani, hata yenye ufa, usiitupe. Jumamosi saa nane mchana tuko jumbani. Vijana wanne wanangoja zamu, na sharlestoni ni moja.