Nilidanganya Sauti ya Injini, na Mzee Akaisikia

Wasee, leo sina ushauri wa maisha. Nina kosa langu mwenyewe, na nataka kulisema kabla sijazoea kulificha.

Kama umekuwa ukinifuata tangu mwaka jana, pengine uliona ile video fupi ya injini ya Guka. Sekunde 38. Mkono unavuta kamba, gurudumu linazunguka, halafu mngurumo mtamu unaingia na mimi naruka ni kama nimeshinda jakpoti. Watazamaji 41,000. Sijawahi kupata wengi hivyo kabla wala baada.

Sasa sikia. Siku hiyo injini haikuwaka. Mngurumo uliousikia ni wa pampu ya jirani, Honda ya juzi juzi tu. Niliurekodi shambani kwake jioni, nikaubandika juu ya picha.

Wacha nianze mwanzo.

Kwetu ni nje kidogo ya Kagio. Ukitoka Sagana ukielekea Kutus lazima utupite, na soko letu utalijua kwa nyanya, mishiri, vitunguu na malori yaliyoziba barabara. Huku kila boma lina hadithi ya pampu, kwa sababu bila maji shamba ni vumbi. Guka alikuwa na yake: Villiers ya petroli, rangi ya kijani iliyobabuka, iliyotengenezwa Wolverhampton huko Uingereza. Hiyo kampuni haikuwa ya mchezo. Kufikia 1956 ilikuwa imeshatengeneza injini milioni 2, za pikipiki, za mashine za kukata nyasi, za pampu. Moja ikaja kuishia kwetu, ikawa inavuta maji mtoni kabla hata baba hajaoa.

Guka alipoaga, injini ikafunikwa magunia kwenye stoo. Mwaka jana Cucu akachoka nayo. Akaniambia, “Hii chuma imekalia nafasi ya mahindi yangu. Mavuno yakifika kama haijawaka, mtu wa vyuma aje aibebe.” Na Cucu akisema kitu, amesema.

Hapo ndipo mbogi yetu ilianza. Tuko wanne. Kuna mimi. Kuna msee anayetengeneza pikipiki pale stejini. Kuna dada anayesomea umeme katika chuo cha ufundi. Halafu kuna Mzee, fundi mstaafu wa pampu na mashine za kusaga unga, aliyemjua Guka tangu ujana wao. Tunakutana Jumapili baada ya kanisa, nyuma ya stoo ya Cucu. Mmoja akaleta pawa ya kukata miti iliyokufa zamani, mwingine akaleta jenereta ya babake. Hatulipwi na hatutengenezei mtu. Tunawasha, tunasikiliza, tunazima, tunakunywa chai. Majirani huuliza, “Na mnapata nini hapo?” Mpaka leo sina jibu la kuwatosha.

Kitu kilichotushika ni jinsi hizi injini za zamani zinavyotengeneza cheche. Pikipiki za siku hizi zina kisanduku kidogo cha elektroniki. Kikifa unanunua kingine na maisha yanaendelea. Villiers haina hicho. Haina hata betri. Lile gurudumu zito lina sumaku ndani yake. Likizunguka, sumaku zinapita kando ya koili na umeme unazaliwa. Halafu kuna pointi, vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Wakati ule ule vinapoachana, umeme wa koili unapanda ghafla na kurukia kwenye plagi. Pembeni kuna kondensa, kikopo kidogo tu, kazi yake ni kuzuia umeme usiruke pale kwenye pointi ukazichoma. Ukifungua, yote haya unayaona kwa macho. Msee wa pikipiki alikuwa hajawahi kuona pointi maishani mwake. Aliinama hapo dakika nzima, akasema, “Kumbe cheche ina mahali pa kutokea.”

Huyo dada wa umeme ndiye aliyetuletea video za ndege. Sio ndege za kupanda, zile ndogo za kuchezea za watu wazima. Kumbe zamani nazo zilitumia mfumo huu huu. Kuna injini inaitwa Brown Junior, ya miaka ya 1930, ya jamaa wa Philadelphia anayeitwa Bill Brown. Ujazo wa silinda yake ni kama sentimita za ujazo 10 tu, kitu unachofunika kwa kiganja, na bado ilikuwa na pointi zake. Hiyo ndege ilibidi ipae na koili, kondensa na betri ndani ya tumbo lake. Mwaka 1947 Mmarekani mwingine, Ray Arden, akatoa plagi yenye kauzi ka waya kanakobaki kakiwaka kwa joto lenyewe. Unakapasha na betri mwanzoni, unaitoa betri, ndege inaruka. Koili zikatupwa, na injini za cheche zikawa vitu vya zamani karibu mara moja.

Lakini kuna watu Marekani na Uingereza, wengi wao wazee, bado wanazo. Wanakutana, wanaifunga injini kwenye ubao, wanachanganya petroli na oili nzito, wanapiga propela kwa kidole. Inakataa. Wanasogeza kale kamkono ka kubadilisha wakati wa cheche. Inakataa. Mmoja anatoa plagi anaipangusa na shati. Dakika nane za video hakuna kitu, halafu ghafla brrrrrr, na wazee wanacheka kama watoto. Wengine wala hawairushi hiyo ndege. Tulitazama hizo video tukajua tuna ndugu mahali.

Sikuzingatia kitu kimoja wakati huo: hakuna aliyekata zile dakika nane.

Turudi kwa Villiers. Jumapili ya kwanza tulisafisha kabureta. Petroli ya zamani ilikuwa imeganda ndani kama gundi. Haikuwaka. Jumapili ya pili tulipitisha msasa laini kwenye pointi, tukapata cheche nyembamba ya manjano. Haikuwaka. Na mimi, kwa mdomo wangu, nilikuwa nimeshaahidi watu kwamba Jumapili ya tatu inawaka. Jumapili ya tatu tulivuta kamba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Kimya. Wengine wakaenda nyumbani. Mimi nikaenda kwa jirani na simu yangu.

Nilijiambia ni sauti tu. Itawaka wiki ijayo, kwa hivyo si uongo, ni ukweli uliotangulia kidogo. Niliandika juu yake: “Ya Guka imefufuka.” Asubuhi simu ilikuwa imejaa.

Jumapili iliyofuata Mzee hakuja.

Dada wa umeme ndiye aliyeniambia. Mjukuu wa Mzee alimwonyesha ile video, Mzee akaisikiliza mara mbili, akarudisha simu bila kusema neno. Nikabeba sukari na mkate nikaenda kwake. Alinikaribisha vizuri, akaitisha chai, akaniuliza habari za Cucu. Nilitamani anigombeze. Tulipomaliza kikombe ndipo akasema:

“Kijana, hiyo injini nimeisikia zaidi ya miaka ishirini. Guka wako akiiwasha asubuhi, mimi nikiwa ng'ambo ya mto, nilikuwa najua kama amesahau kurudisha choki. Hiyo ya simu si Villiers.”

Nikamwambia, “Nisamehe, Mzee. Ilikuwa tu kontenti.”

Akaniuliza kontenti ni nini. Nilijaribu kueleza na kila sentensi ikatoka mbaya kuliko iliyotangulia. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema polepole, “Umempatia Guka wako sauti ya mtu mwingine.”

Sikuwa na jibu. Sina hata leo. Usiku huo niliitazama ile namba, 41,000, nikafuta video.

Ningependa kusema hadithi iliishia hapo. Lakini siku chache baadaye kijana mmoja wa Embu akaniandikia. Na yeye alikuwa na pampu ya zamani ya babu yake. Aliona video yangu, akavuta kamba kama mimi, akavuta wiki mbili, haikuwaka. Akaandika: “Yangu imekataa bro, sina mkono kama wako. Nimeiuza kwa vyuma.”

Soma hiyo tena. Mkono kama wangu! Mkono wangu ulikuwa umeshindwa Jumapili tatu mfululizo. Angejua hivyo, pengine angevuta mara moja zaidi, ama angeniuliza, ama angetafuta mzee wa kwao. Mimi nilimwonyesha sekunde 38 za mtu anayefaulu, akaona shida ni yeye. Nilimwandikia ukweli wote. Alijibu “sawa” peke yake. Hiyo pampu sasa ni nondo mahali.

Kwa hivyo ndiyo, nina maoni, na ni haya: sisi tunaotengeneza video tunaiba kitu kikubwa tunapokata sehemu ya kushindwa. Si injini peke yake. Ni chapati ya kwanza iliyoungua, kilimo cha matikiti yaliyooza, biashara ya mitumba iliyofungwa kabla ile ya pili haijafunguliwa. Tunajua kabisa kulikuwa na Jumapili tatu. Tunaweka ya nne tu, halafu tunashangaa vijana wenzetu wanajiona wajinga.

Mzee alirudi. Hakutoa hotuba. Aliichungulia ile cheche yetu ya manjano akasema kondensa imekufa, na ndiyo maana pointi zilikuwa zimeungua vile. Akanituma Nairobi. Mtoto wa Kirinyaga nikaenda kutafuta kondensa kwenye Barabara ya Kirinyaga, ile wazee bado huita Grogan. Nilizunguka maduka ya spea mpaka nikapata moja ya magari ya kitambo, yale ya distributa. Muuzaji aliniuliza ni gari gani nikamwambia ni la Guka, akacheka.

Jumapili hiyo Mzee alituacha tufanye wenyewe. Dada akaunganisha kondensa. Msee wa pikipiki akaseti nafasi ya pointi, pungufu kidogo ya nusu milimita. Mzee akatufundisha kuweka karatasi ya sigara katikati ya pointi na kuzungusha gurudumu taratibu huku ukiivuta kidogo. Pale karatasi inapoachiliwa, ndipo cheche inaporuka. Tukaegemeza plagi kwenye chuma cha injini, tukazungusha. Cheche ya bluu, nene, na mlio wake: ta!

Nilivuta kamba mara ya kwanza, kimya. Ya pili, ikakohoa. Ya tano ikashika.

Jamani. Haikuwa tamu kama ile Honda. Inagonga, inasita, ni kama mzee anayepanda mlima akijisemesha. Moshi ulijaa boma lote. Cucu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama. Nilidhani atalia, na simu yangu ilikuwa tayari, nakiri. Cucu akatazama moshi, akasema, “Guka wenu hangemwaga mafuta hivyo,” akarudi kwa chakula chake. Lakini mahindi yalipovunwa yaliwekwa upande ule mwingine wa stoo, na mtu wa vyuma hajawahi kuitwa.

Niliposti video mpya. Dakika 11. Kamba inavutwa bure, tunabishana kuhusu waya, Mzee anakunywa chai, na mwishoni kabisa inawaka, kwa sauti yake. Mwanzoni nilieleza kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya uongo. Mpaka leo imetazamwa na watu kama 900. Sitajifanya hainiumi. Nikifungua simu usiku bado naikumbuka ile 41,000.

Ila Mzee ameitazama. Mjukuu wake anasema aliirudisha pale mwisho mara nne, na mara ya nne akafunga macho. Halafu akaniletea ujumbe kupitia kwa huyo mjukuu: choki, tumeichelewesha kurudi.

Jumapili tunaseti tena.