Kibla Katika Nchi ya Jua Lisilokuchwa

Alhamdulillahi, tumerejea salama kutoka safari ambayo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, khasa vijana. Tulikuwa jamaa sita, wake kwa waume na watoto, katika magari manne ya yale yenye nyumba ndani: vitanda, jiko, na tangi la maji ya kutawadhia. Nia yetu ilikuwa kuiona ncha ya kaskazini ya Kanada mwezi wa Juni, na kuwazuru ndugu zetu Waislamu wa Inuvik.

Tuliondoka Dawson, mji uliofurika watu baada ya dhahabu kuonekana Klondike mwaka 1896. Karibu kilomita 40 mashariki yake huanza njia ya Dempster, iliyofunguliwa mwaka 1979. Ni njia ya changarawe, yapata kilomita 740 mpaka Inuvik, na mawe yake makali yalitupasulia magurudumu mawili. Tulitua kwanza penye milima ya Tombstone, myeusi, iliyochongoka kama meno ya msumeno.

Siku ya pili tukafika kilomita ya 405, penye kibao cha mstari wa Aktiki. Kutoka hapo kwenda kaskazini, katika siku ndefu kabisa za Juni, jua halitui. Saa sita ya usiku lilikuwa bado juu ya vilima, na hapo ndipo tulipohitilafiana. Baadhi ya vijana walisema, "Jua halijachwa, basi Magharibi haijawa wajibu." Wengine walitaka kufuata saa ya Dawson. Sauti zilipanda, hata mzee wetu mmoja akasema, "Wanangu, Masahaba walimwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya siku ya Dajjali iliyo kama mwaka, je, sala za siku moja zatosha? Akawajibu kuwa hazitoshi, bali wakadirie. Nasi tukadirie usiku huu, kisha tuwaulize wenyeji." Tukasali.

Kesho yake tulivuka mto Peel kwa pantoni, tukasimama Fort McPherson. Katika makaburi ya kanisa wamezikwa askari wanne waliotoka hapo mwezi wa Disemba mwaka 1910, wakiongozwa na Fitzgerald, kwenda Dawson kwa magari ya mbwa. Njiani walimruhusu kiongozi wao Mgwich'in arudi, wakidhani njia waijua. Wakapotea, chakula kikawaishia, wakafa wote wakijaribu kurejea. Aliyewakuta mwezi wa Machi mwaka 1911 ndiye Dempster, ambaye njia ile imepewa jina lake. Vijana wetu walisimama kimya mbele ya kaburi lile. Nadhari ya jana ilikuwa imewarudia.

Baada ya kuvuka mto Mackenzie tuliingia Inuvik, mji wa watu kama 3,100. Nyumba zake zimesimama juu ya nguzo, kwa kuwa ardhi ya chini imeganda daima, na nyumba ikiipasha moto huyeyuka na kudidimia. Hata mabomba ya maji hupita juu ya ardhi.

Msikiti wake ni mdogo, wenye mnara. Zamani Waislamu walisali katika chumba finyu cha gari la kuvutwa. Kujenga huko ni ghali mno, basi mwaka 2010 jumuiya ya Zubaidah Tallab ya Manitoba iliujenga msikiti mzima Winnipeg, ukasafirishwa kilomita kama 4,000, kwanza kwa lori, kisha kwa tishari juu ya mto Mackenzie.

Tuliwauliza wenyeji juu ya sala. Wakatujibu kwa upole kuwa jua lisipotua wao hufuata saa za Edmonton, mji wa kusini wenye usiku na mchana, na katika Ramadhani hufungua kwa saa hizo. Hitilafu yetu ikaisha kwa maneno machache.

Kisha tukaelekea kibla, tukastaajabu. Kutoka Inuvik njia fupi ya kwenda Makka hupita karibu na ncha ya dunia, basi kibla chao ni karibu kaskazini sawasawa, kama kibla chetu tuliozaliwa pwani ya Afrika Mashariki!

Enyi vijana, msafiri hapungukiwi heshima kwa kuuliza. Tumeamrishwa kuwauliza wenye kujua tusipojua, na wanne wa Fort McPherson wanatukumbusha thamani ya kiongozi. Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Amin.