Swali la Hawe

Tulimzika Hawe mwaka 2025, nyumbani kwake bara ya Kilifi. Jeneza lilibebwa na wajukuu, lakini walioimba usiku kucha ni wanawake aliowalea bwenini, wengine wao sasa wana mvi. Jina lake hasa wengi wetu tulilisikia siku ile, wasifu wake uliposomwa. Hawe ni nyanya kwa Kigiriama, na kwa miaka yote aliyokuwa mlezi wa bweni hakuitwa vingine, hata na mwalimu mkuu.

Mimi nilizaliwa Vipingo mwaka 1964, baba akikata mkonge. Shule ya msingi nilikwenda miguu mitupu. Sekondari nililala bweni, na huko ndiko nilikojifunza kulia bila sauti. Chuo Kikuu cha Kenyatta kikanifanya mwalimu wa Kiswahili na Dini. Mwaka 1991 nikapelekwa shule ya wasichana ambayo sitaitaja. Julai ya mwaka huohuo, kule Meru, wavulana wa St. Kizito walivamia bweni la wasichana wa shule yao usiku, na wasichana 19 wakafa. Mwalimu mkuu wetu alipopata habari ile, alinunua kufuli.

Kufuli lilikuwa la kufungia mlango kwa nje saa nne usiku, na ufunguo akakabidhiwa Hawe. Aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaufunga kwenye pindo la leso. Mlango hakuufunga hata siku moja. Alitandika mkeka kizingitini, akalala hapo. Nilipomwuliza, alinijibu, "Mwanangu, afungiwaye ni mbuzi." Machi 1998 bweni la Bombolulu, Kwale, likaungua na wasichana 26. Machi 2001 ikawa Kyanguli, Machakos: wavulana 67, mlango mmoja umefungwa, madirisha yana vyuma. Mwongozo wa usalama wa shule ulipotoka mwaka 2008 ulisema milango ya bweni ifunguke kuelekea nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwamo, na madirisha yasiwe na vyuma. Hawe alikuwa amelala kizingitini miaka kumi na saba.

Lakini si kufuli lililonifanya nimwite mwalimu wangu. Ni mzunguko wake wa usiku. Taa zikishazimwa alipita kitanda kwa kitanda, tochi ameielekeza sakafuni, maana mtoto akimulikwa usoni hujifanya amelala. Alikuwa akitazama champali. Zikiwa zimepangwa sawasawa kwa siku nyingi chini ya kitanda cha mtoto mchafuzi, alisimama. Zikiwa hazijaguswa tangu asubuhi, yaani mwenyewe hakushuka kula, alisimama. Na aliyemtia hofu kuliko wote ni msichana aliyeanza kugawa vitu vyake: sabuni kwa huyu, sukari kwa yule, shuka kwa wa tatu, uso umetulia kama mtu aliyekwisha lipa madeni. Kwa huyo alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mguu juu ya blanketi, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, wataka kufa?"

Mara ya kwanza kumsikia, damu ilinisimama. Nilidhani amemlaani mtoto.

Miaka ikapita, nami nikapewa idara ya ushauri nasaha, juu ya vipindi vyangu 26 kwa wiki, katika chumba kilichokuwa ghala ya mipira. Niliitwa semina ya wiki moja Mombasa. Muuguzi wa magonjwa ya akili akasimama akatuambia jambo lilelile alilolifanya Hawe aliyeishia darasa la nne: ukimshuku mtoto, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua; kuuliza hakumtii wazo, humpunguzia mzigo wa kulibeba peke yake. Nilirudi nikiwa na ujasiri.

Mwaka 2004 msichana wa kidato cha pili aligawa sanduku zima. Hawe akaja kuniamsha. Nikakaa ukingoni, nikamshika mguu, nikauliza. Alinyamaza mpaka nikajuta. Kisha akasema, "Ndiyo, Mwalimu," akalia mpaka alfajiri, na mimi na Hawe tukiwa pande zake mbili. Sababu aliyonipa ilihusu nyumbani kwao, nami sitaiandika hapa.

Asubuhi naibu wa mwalimu mkuu akaniita afisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiwalipia karo watoto wawili wa majirani, na nimwandike hivyo. Lakini alikuwa na hakika ya mambo yote. "Mwalimu, maneno huumba," akaniambia. "Umemfundisha neno ambalo hakuwa nalo." Kisha akaniletea sheria: kifungu cha 226, jaribio la kujiua ni kosa la jinai. Kumtangaza mtoto, akasema, ni kumpeleka polisi. Uamuzi wake ulikuwa ule wa shule nyingi: msichana apewe barua, apande matatu, arudi na mzazi.

Peke yake! Mtoto aliyetuambia usiku ule kwamba hataki kuishi, apewe nauli na saa tatu za barabara, akimbilie nyumba ileile anayoikimbia. Nilikataa. Tulipaziana sauti mbele ya katibu. Mwishowe nilipanda matatu naye, nikampeleka hospitali, kisha kwa shangazi yake aliyemtaja mwenyewe. Alirudi muhula uliofuata, akamaliza kidato cha nne. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kutoroka kazini siku mbili. Bado ninayo.

Kifungu kile Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha katiba Januari 2025. Miaka yote ya kazi yangu kilikuwa kimekaa mlangoni kama kufuli la pili, na kwa hilo Hawe hakuwa na ufunguo.

Basi sikilizeni, ninyi vijana mnaopewa idara hii kwa sababu tu mna sura ya upole. Ulizeni. Wala msiulize kwa kuzunguka, "Wewe huwezi kufanya ujinga, sivyo?" Hapo umemjibia, na umemwambia jibu usilotaka kulisikia. Litaje neno. Ukishalitaja, nyamaza, hata kama kimya kinakuchoma. Usimwahidi siri, mwambie mapema kwamba uhai wake hutauficha, ila atajua yeye kwanza utamwambia nani. Usimtume hospitali, mpeleke. Usimwache na usiku. Mtoto asiyeweza kukuambia wewe, mpe simu apige 116, ni ya bure. Na msiniambie kamera. Septemba 2024, mwezi niliostaafu, wavulana 21 walikufa bwenini Endarasha, Nyeri, na wiki hiyohiyo nikasikia walimu wakijadili bei ya kamera na urefu wa ukuta. Je, usiku nani anapita baina ya vitanda vyenu?

Naibu yule alikuja mazishini, mzee sasa, fimbo mkononi. Tuliketi chini ya turubai moja tukala wali. Akaniuliza kama bado nawauliza watoto. Nikamwambia nimestaafu, lakini ndiyo, hata wajukuu nawauliza. Akatikisa kichwa. "Yule wa 2004," akasema, "ulibahatika tu."

Sikumjibu, kwa kuwa nilimkumbuka mwingine. Alikuwa wa kidato cha tatu, muhula uliofuata ile barua ya onyo. Niliziona champali zake zimepangwa sawasawa siku nne mfululizo. Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimechoka, na kusema kweli nilikuwa naogopa barua ya pili. Nikajiambia nitamwita Jumatatu, mchana, afisini, kwa utaratibu. Jumamosi mjomba wake alikuja kumchukua kwenda kwenye matanga, na huko kwao ndiko alikofia. Hakuna aliyenilaumu. Hata Hawe, aliyekuwa nyumbani akiugua malaria wiki ile, hakunilaumu.

Daftari langu la ushauri la muhula ule lina ukurasa wenye jina lake na tarehe ya Jumatatu ile. Chini yake sikuandika kitu.