Mchele Wetu Uliporudi Kutoka Kasumulu

Ramadhani ya mwaka 1446 ilitukuta tukiwa na magunia 90 ya mchele wa Kyela, na mnunuzi wetu wa miaka mingi akiyasubiri Karonga. Sisi ni ndugu wanne tuliorithi biashara hii kwa marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mtaji wa mzigo ule, hata hivyo, haukuwa wetu. Mama mdogo alitukopesha, bila ya riba, akiba aliyokuwa akiikusanya kwa ajili ya safari yake ya Hija, nasi tulimwahidi kumrejeshea kabla ya kwisha mwezi wa Shawwal.

Mwezi wa Machi 2025 Serikali ya Malawi ikazuia kuingizwa kwa mazao kadhaa nchini humo, yakiwamo mchele, ndizi, tangawizi na mahindi, ili kuwalinda wakulima wake na kuokoa fedha za kigeni. Gari letu lilikuwa limekwishapakiwa. Lilikuwa na cheti cha uasili wa bidhaa cha SADC, cheti cha afya ya mimea, ankara, na hati za forodha zilizojazwa na wakala. Anayevusha bidhaa katika mpaka ule anajua kwamba karatasi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hazina kazi pale, kwa kuwa Malawi si mwanachama. Na COMESA nayo Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Imebaki SADC. Lakini cheti cha uasili kazi yake ni kumpunguzia mtu ushuru, si kumfungulia lango lililofungwa. Karatasi zetu zote zilikuwa sahihi, wala hazikutufaa kitu.

Dereva alilala Kasumulu siku nne. Siku ya tatu akajiwa na mtu mwenye maneno laini. Mto Songwe, alisema, si mpana. Mitumbwi ipo, wavushaji wapo, na ng'ambo ingepatikana stakabadhi ya kuonyesha kwamba mchele ule umelimwa Karonga. (Mchele unaosifika wa Karonga wenyewe huuita Kilombero, jina la bonde letu la Morogoro. Mbegu ilivuka zamani bila ya kuulizwa cheti.)

Usiku ule, baada ya tarawehe, tuligombana kama hatujapata kugombana tangu msiba wa baba. Kaka yetu mkubwa alishika hoja ya kidini. Wanazuoni, alisema, wamekemea vikali *maksi*, yaani tozo za dhulma wanazotozwa wafanyabiashara njiani. Basi kumkwepa dhalimu kuna dhambi gani? Dada yetu anayeshika daftari alimjibu kwamba hapa hatutozwi chochote, tunakatazwa kuingia katika nyumba ya watu. Na kwamba stakabadhi ile ni ushahidi wa uongo, uwe umeandikwa mchana au usiku. Wawili wetu tulinyamaza, na kusema kweli tulikuwa tukielekea upande wa kaka, maana deni lilikuwa likitusumbua hata katika swala. Mama ndiye aliyemaliza mazungumzo. Aliuliza kama fedha itakayopita kwenye mtumbwi ndiyo tutakayompa mdogo wake akahiji nayo. Hakuna aliyemjibu. Asubuhi tulimpigia dereva simu ageuze gari.

Kisha ukaja Aprili. Serikali yetu ikatangaza kwamba, kuanzia tarehe 23, nayo itazuia mazao ya kilimo kutoka Malawi, na ya Afrika Kusini pia, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa haizipokei ndizi zetu. Tunakiri kwamba tulifurahi. Kaka alipiga meza kwa kiganja. Alikumbusha kwamba kulipiza si jambo geni katika historia yetu: Abu Musa al-Ash'ari (RA) alipomwandikia Sayyidna Umar (RA) kwamba wafanyabiashara wa Kiislamu wanatozwa sehemu ya kumi katika nchi za wengine, Khalifa aliamuru wafanyabiashara wa nchi hizo nao watozwe vivyo hivyo.

Ni kweli, na Qadhi Abu Yusuf ameyahifadhi hayo katika Kitab al-Kharaj. Lakini tulipolisoma jambo lile kwa utulivu, tuliona yale ambayo furaha ilitufanya tuyaruke. Umar hakufunga njia. Alipima kwa kipimo alichopimiwa: kumi kwa kumi. Watu wa dhima walitozwa nusu yake, Waislamu robo yake, na aliyekuwa na mali isiyofika dirhamu 200 hakuguswa. Abu Yusuf anasimulia pia habari za Mkristo wa Banu Taghlib aliyetozwa kwa ajili ya farasi wake, kisha akatakiwa alipe tena mwaka uleule aliporudi. Alifunga safari mpaka kwa Khalifa kushtaki, na Khalifa akaagiza mali isitozwe zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mfanyabiashara mmoja, wa dini nyingine, na farasi mmoja!

Zuio la Tanzania halikumaliza mwezi. Viongozi walikaa mezani, likaondolewa. Lakini hata kwa siku hizo chache tulikuwa tukiwafikiria madereva wa Malawi, ambao bandari ya Dar es Salaam ni mojawapo ya njia zao kuu za kuifikia bahari, nao wakilala mpakani kama alivyolala dereva wetu. Pengine na mitaji yao ilikuwa akiba ya mama zao wadogo. Furaha yetu ya awali ilianza kutuonea haya.

Sisi mchele tuliuuza Mbeya, kwa bei ya dalali anayejua kwamba muuzaji ana haraka. Shawwal ilipokuwa ikimalizika tulimpelekea mama mdogo robo tatu ya fedha zake, tukaeleza yote, hata habari ya mtumbwi. Alizihesabu noti mara mbili. Mara ya kwanza alitukopesha kwa mdomo tu, kwa kuwa sisi ni watoto wake. Safari hii alimwambia dada afungue daftari, aandike kiasi kilichobaki na tarehe ya kukilipa, akatuma mtoto awaite majirani wawili waje washuhudie.